Mnara Mlimani, Antena Darini

Wale walio na Biblia karibu na waifungue katika Injili ya Luka, sura ya 12, mistari mitatu ya kwanza, kisha waiache wazi hapo magotini. Tutairudia. Lakini kwanza twataka kusafiri pamoja nanyi mpaka nchi ya mbali, tupande mlima mmoja wa Ujerumani uitwao Brocken, maana juu ya mlima huo yalitendeka mambo ambayo watu wa kanisa yafaa wayajue.

Wenye umri kama wetu watakumbuka miaka ile televisheni ilipokuwa kitu cha nyumba moja katika kijiji kizima. Jioni watu walijaa sebuleni mpaka mlangoni, wazee vitini na watoto sakafuni, na picha ilipoanza kutetemeka, kijana mmoja alitumwa nje kuuzungusha mwanzi uliobeba antena. Ndani watu wakapaza sauti: "Hapo! Hapo! Umepitisha, rudisha kidogo!" Kijana yule hakuiona picha hata kidogo, bali alifuata sauti tu. Nasi tuliokaa ndani tulijua bila kufundishwa kwamba picha hutoka upande fulani, na kwamba upande huo kuna mlima au kilima kilichosimamishwa mlingoti. Matangazo ya televisheni yalipoanza hapa Kenya mwaka 1962, mtambo wa kuyarusha uliwekwa kule juu Limuru, ingawa watazamaji wengi walikuwa Nairobi.

Sababu yake ni hii. Mawimbi ya redio ya masafa mafupi huweza kupanda angani, yakagonga tabaka la juu na kurudi chini katika nchi nyingine kabisa. Ndiyo maana mtu aliyekaa Bungoma aliweza kusikia London usiku. Lakini mawimbi yanayobeba picha hayana desturi hiyo. Hayo huenda karibu sawa na mwanga wa taa, moja kwa moja, na dunia inapojipinda yenyewe hupita juu na kupotea. Mtu aliyesimama ufuoni Mombasa haoni maji ya bahari zaidi ya kilomita 5 hivi mbele yake, kwa kuwa mviringo wa dunia wamziba. Mwinue mtu huyo mpaka kimo cha mita elfu moja na mia moja, naye ataona yapata kilomita 120. Basi mwenye kutaka picha yake ifike mbali hana budi kutafuta mlima.

Brocken ndio mlima mrefu kupita yote katika safu ya Harz, kaskazini ya Ujerumani. Urefu wake ni mita 1,141. Twajua baadhi yenu mnatabasamu, kwa kuwa Nairobi yenyewe iko juu kuliko hapo kwa mita mia tano na zaidi, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba amepanda mlima kwa kuwa amefika Nairobi! Lakini Brocken wasimama kando ya nchi tambarare kubwa sana. Kwa jirani zake ni jitu. Upepo wa huko ni mkali hata miti haioti kileleni, na ukungu huufunika mlima siku zipatazo 300 kwa mwaka. Watu wa zamani waliamini kwamba wachawi hukusanyika juu yake usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei. Na aliyepanda jua likiwa nyuma yake na ukungu mbele yake aliweza kuona mtu mkubwa wa kutisha amesimama angani, na duara la rangi kichwani pake. Mwaka 1780 mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyependa elimu ya maumbile, Johann Silberschlag, aliandika habari za jambo hilo. Jitu lile ni kivuli cha mtazamaji mwenyewe kilichoangukia ukungu. Twampenda mchungaji huyo kwa sababu aliangalia kwanza, kabla ya kukimbia.

Mwisho wa karne ya 19 reli ilijengwa mpaka kileleni, na watu wa mijini wakaanza kupanda kwa treni ya moshi ili wale chakula katika hoteli ya juu. Kisha wakaja wataalamu wa mawimbi. Mwezi Machi mwaka 1935 stesheni ya televisheni ya Berlin ilikuwa imeanza matangazo ya kawaida, mapema kabisa katika historia ya ulimwengu, nao walitaka picha zitoke nje ya mji ule. Walijaribu kwanza kwa mtambo uliopandishwa mlimani. Kuanzia mwaka 1936 ukajengwa mnara mnene wenye ghorofa nyingi, unaotajwa mara nyingi kuwa mnara wa kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya televisheni.

Twakumbuka waliokuwa wakitawala miaka ile. Serikali ya Hitler ilipenda sana redio. Iliagiza redio za bei nafuu zitengenezwe ili kila nyumba isikie sauti moja, na vita vilipoanza mwaka 1939 ikapiga marufuku kusikiliza stesheni za kigeni, na wengine waliovunja amri hiyo walipata kifungo, hata kuuawa. Mnara wa Brocken haukupata nafasi ya kuwapelekea raia picha katika miaka hiyo. Vita viliuchukua kwa kazi zake. Tarehe 17 Aprili 1945 ndege za Marekani ziliupiga mlima mabomu. Hoteli ikateketea na nyumba ya wapima hali ya hewa ikaharibika, lakini mnara ulibaki umesimama. Askari wa Marekani walikaa kileleni hadi mwaka 1947, kisha wakawaachia Warusi, maana katika kugawanywa kwa Ujerumani mlima ule uliangukia upande wa mashariki, na mpaka ukapita karibu kabisa na miguu yake.

Basi sasa fikirini hali ilivyokuwa. Ujerumani mbili zatazamana, lugha ni ile ile, kitabu cha nyimbo za kanisa karibu ni kile kile, shangazi yuko huku na mpwa yuko kule. Juu ya Brocken, Ujerumani ya Mashariki yarusha redio na televisheni yake, na kwa kuwa mlima haujui mpaka, watu wa magharibi nao waziona. Upande wa pili, mahali paitwapo Torfhaus, pasipofika kilomita 10 kutoka kilele kile, Ujerumani ya Magharibi nayo yasimamisha milingoti yake, na picha zake zaingia mashariki bila kubisha hodi. Nchi mbili zisizosemezana zikawa kila jioni zaingia katika sebule za mwenzake.

Tarehe 13 Agosti 1961 serikali ya mashariki ilianza kujenga ukuta kati ya Berlin mbili, ili watu wake wasizidi kukimbia. Mwezi huo huo mlima Brocken ulifungwa. Raia hakupanda tena. Hata kijiji cha Schierke, chini ya mlima, kiliwekwa ndani ya eneo la mpakani, na mgeni hakuingia pasipo cheti. Treni za mizigo ziliendelea kupanda miaka mingi kuwapelekea askari makaa na vyakula, lakini mabehewa ya abiria hayakufika juu. Baadaye kilele chote kilizungushiwa ukuta wa saruji wenye vipande 2,318, kila kimoja kimo chake mita 3.60 na uzito wake tani 2.4. Wazee waliozaliwa chini ya mlima ule waliutazama kutoka madirishani kwa muda wa miaka 28 wasiweze kuukanyaga. Katika miaka hiyo, kati ya miaka ya 1970, mnara mpya wa chuma wenye mita 123 ulisimamishwa kileleni, nao ulionekana kutoka mbali katika nchi zote mbili.

Na ndani ya ukuta ule kulikuwa na kazi ya pili. Licha ya mitambo ya kusema kulikuwa na mitambo ya kusikiliza. Warusi walikuwa na kituo chao, na polisi wa siri wa Ujerumani ya Mashariki, waliojulikana kwa jina la Stasi, walikuwa na chao, chenye kuba kubwa kama za msikiti, wakivizia simu na mazungumzo ya redio ya upande wa magharibi. Hapo ndipo twawaomba mwangalie tena ile Luka 12 mliyoiacha wazi. Bwana anawaonya wanafunzi wake juu ya chachu ya unafiki, kisha anasema habari za mambo ya chumbani yatakayofika darini. Biblia yetu yatumia neno dari, kwa maana nyumba za kule zilikuwa na paa za kukaliwa. Sisi twasema paa. Serikali ile ilitaka kuyasikia yote ya watu wengine, na watu wake wenyewe ikawanyima hata ruhusa ya kupanda kilima. Lakini paa za nyumba hazikuwa zake.

Twende sasa mwendo wa kilomita nyingi kusini, mpaka mlima mwingine. Huu waitwa Ochsenkopf, maana yake Kichwa cha Ng'ombe, nao una mita 1,024. Uko Bavaria, upande wa magharibi, karibu na mpaka wa zamani. Mwaka 1958 ulisimamishwa hapo mnara wa televisheni. Ulikusudiwa watu wa Bavaria ya kaskazini, lakini mawimbi yalishuka pia upande wa pili, yakaingia Thuringia na Saksonia. Watu wa huko walitengeneza antena ndefu za mabomba na waya kwa ajili ya mnara huo tu, wakaziita kwa jina la mlima. Ukipita barabarani uliweza kusoma mawazo ya mwenye nyumba kwa kuangalia paa lake limeelekea wapi.

Serikali nayo ilijua kusoma. Mwezi Septemba 1961, Ukuta ukiwa bado mbichi, jumuiya ya vijana ya chama ilitumwa kufanya kampeni dhidi ya antena hizo. Vijana walipanda mapaa ya watu, wakazigeuza antena zielekee stesheni za nyumbani au wakazing'oa. Majina ya wenye nyumba wakaidi yalitangazwa hadharani. Basi watu wakafanya nini? Wakazishusha antena, wakazificha chini ya vigae, ndani ya dari! Picha ilififia kidogo, lakini ilikuja.

Wengi waliokulia huko husimulia hila nyingine. Mwalimu wa watoto wadogo aliwauliza darasani kwa sauti ya upole: "Saa inayoonyeshwa kabla ya habari nyumbani kwenu ina alama za namna gani?" Stesheni ya mashariki ilikuwa na saa yake na ya magharibi yake. Mtoto asiye na hatia alijibu alivyoona, na kwa jibu lake akawasema wazazi wake. Kwa hiyo wazazi waliwafundisha watoto kunena mambo mawili, moja la nyumbani na moja la shuleni. Twaona hilo lilikuwa baya kuliko kung'olewa antena. Antena hurudishwa kwa siku moja. Mtoto aliyezoezwa tangu miaka mitano kuwa na ndimi mbili, nani atamrudisha, na kwa muda gani? Nasi tusidhani jambo hili lilikuwa la Wajerumani tu. Ipo miaka hapa kwetu ambayo watu waliishusha sauti ya redio kabla ya kubadilisha stesheni.

Kadiri miaka ilivyopita serikali ilichoka kupanda mapaa. Mwaka 1973 kiongozi wa nchi ile, Erich Honecker, alikiri waziwazi kwamba redio na televisheni za magharibi kila mtu aweza kuziwasha na kuzizima atakavyo. Lakini rangi zilibaki taabu. Televisheni ya mashariki ilikuwa imechagua mtindo wa rangi wa Kifaransa na ile ya magharibi mtindo wa Kijerumani, hata maua ya magharibi yakaonekana mashariki meusi na meupe, mpaka fundi alipotia kifaa cha kugeuza. Kulikuwa na kipindi kimoja cha serikali, Der schwarze Kanal, kilichoanza mwaka 1960, ambacho kazi yake ilikuwa kuonyesha vipande vya televisheni ya magharibi na kuvikanusha. Sasa jamani, anayejibu hoja kila Jumatatu jioni kwa muda wa miaka 29, si anakiri kwamba watu wake wamezisikia?

Ziko pembe mbili ambazo mawimbi hayakufika: Greifswald kule kaskazini mashariki, na Dresden iliyokaa chini katika bonde la mto Elbe. Watu waliliita bonde la Dresden kwa mzaha, Bonde la Wasiojua. Na hapa twataka kusimama kidogo, kwa kuwa sisi wahubiri wa redio tumezoea kusema kwamba mahali habari zifikapo watu hufunguka macho, na zisipofika hulala. Wataalamu wawili, Holger Lutz Kern na Jens Hainmueller, waliyapima majibu waliyotoa vijana wa nchi ile mwisho wa miaka ya 1980, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2009. Vijana walioitazama televisheni ya magharibi walionekana kuridhika na utawala wao kuliko wenzao wa bonde lile. Tena maombi ya kuhama nchi yalikuwa mengi zaidi Dresden! Wataalamu wale waeleza kwamba watu wengi hawakutafuta habari za siasa. Walitafuta michezo, filamu na nyimbo. Waliohama kila jioni kwa macho hawakuona haja ya kuhama kwa miguu.

Tulipoyasoma hayo tulinyamaza. Maana twajiuliza kuhusu vipindi vyetu wenyewe. Ni wangapi wanaotusikiliza asubuhi hii huku wakikaanga maandazi, wakajisikia wamekwenda kanisani, nao hawajamtembelea mgonjwa wa nyumba ya pili tangu Pasaka? Hatuwalaumu, hata sisi tumefanya hivyo. Twasema tu kwamba mnara waweza kumpa mtu sauti ya jirani na kumnyang'anya mwendo wa kwenda kwake.

Na kanisa la huko lilikuwa wapi? Halikutoweka. Ibada ya Jumapili ilisikika katika redio ya serikali yenyewe, na baada ya maaskofu kukutana na Honecker tarehe 6 Machi 1978, kanisa likapewa hata nafasi chache katika televisheni. Wengine waliona ni faida, wengine waliona ni kufungwa mdomo kwa mkate. Wala tusiwafanye wote kuwa mashujaa. Majalada ya Stasi yalipofunguliwa ilionekana kwamba hata baadhi ya wachungaji walikuwa wakipeleka habari za kondoo wao.

Lakini kulikuwa na Leipzig. Jina hilo si geni Afrika ya Mashariki, kwa kuwa wamisheni wa Leipzig ndio waliofika Machame chini ya Kilimanjaro mwaka 1893, tena walikuwa na kazi Ukambani, huko Ikutha. Katika mji wao, katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, maombi ya amani yalifanyika kila Jumatatu saa 11 jioni tangu mwaka 1982. Mara nyingine walikuwa watu wachache tu, wangetosha katika mabenchi mawili matatu. Mchungaji Christian Führer hakuyaacha. Mwaka 1989 wakaanza kuwa mamia, kisha maelfu, nao walipotoka kanisani walitembea mjini na mishumaa.

Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989 mji ulijaa polisi na askari. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu vijana walipopigwa risasi Beijing, na habari zilienea kwamba hospitali zimeagizwa kuweka akiba ya damu. Waandishi wa habari wa kigeni walikuwa wamekatazwa kuingia. Maana yake ni kwamba kama damu ingemwagika, isingeonekana na mtu. Vijana wawili kutoka Berlin, Siegbert Schefke na Aram Radomski, walitafuta mahali pa juu penye kuona barabara kuu. Wakaenda kwa mchungaji wa kanisa la Reformed, naye akawakubalia kupanda mnara wa kanisa lake. Walilala kifudifudi juu kule katika mavi ya njiwa, na kamera yao ikaelekea chini. Watu wapatao 70,000 walipita. Askari hawakufyatua hata risasi moja.

Usiku ule kanda ilikabidhiwa mwandishi mmoja wa gazeti la magharibi aliyekuwa mjini, naye akaivusha mpaka Berlin ya Magharibi akiwa ameificha ndani ya nguo zake. Kesho yake, tarehe 10 Oktoba, picha zilionyeshwa katika habari za usiku za magharibi, na ili kuwalinda vijana wale ikasemwa kwamba zimepigwa na wapiga picha wa Italia. Basi zikapanda katika milima ile, Torfhaus na Ochsenkopf na minara ya Berlin, zikashuka tena juu ya mapaa ya mashariki, katika antena zile zile ambazo vijana wa chama walipanda kuzing'oa mwaka 1961. Watu wa vijiji na miji waliona kwa macho yao kwamba sabini elfu wametembea, nao wakarudi nyumbani wazima. Jumatatu iliyofuata watu walikuwa wengi zaidi sana.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba jioni, msemaji wa chama aliwaambia waandishi, akibabaika juu ya karatasi yake, kwamba raia wataruhusiwa kusafiri, na alipoulizwa tangu lini akajibu kwamba, kwa kadiri ajuavyo, ni mara moja. Habari za magharibi zikaichukua kauli hiyo, na kabla ya saa 5 usiku mtangazaji mmoja akasema kwamba malango ya Ukuta yako wazi. Hayakuwa wazi bado. Askari walikuwa wangali wamesimama. Lakini watu wa Berlin ya Mashariki waliyaamini waliyoyasikia, wakatoka kwa maelfu kwenda kuyaona malango yaliyo wazi, na mbele ya msongamano ule, yapata saa 5 na nusu, afisa wa lango la Bornholmer Straße akaamuru lifunguliwe. Sisi tuliofundishwa kwamba habari hufuata tukio, hapo twaona tukio likiifuata habari, likitweta. Kwa ajili ya jambo hilo mtangazaji yeyote aliye na hofu ya Mungu ataogopa. Usiku ule kosa lake lilizaa furaha. Usiku mwingine, mahali pengine, maneno ya redio yamezaa makaburi. Jirani zetu wa Rwanda walijua hayo mwaka 1994.

Na Brocken? Ukuta wa Berlin ukiwa tayari wachongwa kwa nyundo, mlima ule ulikuwa bado umefungwa. Siku 24 zilipita. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 1989 watu wa vijiji vya chini walipanda kwa miguu, wazee kwa watoto, katika baridi kali, wakafika mbele ya lango la saruji. Walisimama pale wakidai lifunguliwe. Mchana likafunguliwa. Waliingia, wakakanyaga kilele ambacho baadhi yao walikiona mara ya mwisho wakiwa vijana, wakatazama pande zote mbili za Ujerumani kwa pamoja.

Vile vipande 2,318 viliondolewa. Treni ya moshi ikafika tena kileleni mwaka 1991, na askari wa mwisho wa Kirusi wakashuka mwaka 1994. Nyumba ya Stasi yenye kuba yao sasa ni jumba la makumbusho. Mnara wa mwaka 1936 umefanywa hoteli, na msafiri aweza kulala ndani yake na kufungua dirisha asubuhi, ingawa mara nyingi hataona kitu ila ukungu. Mnara wa chuma, wenye rangi nyekundu na nyeupe, wasimama kando yake ukirusha redio na televisheni pande zote. Katika nyumba nyingi za Thuringia, mafundi wanaobadilisha vigae vya zamani wameokota bomba na waya ndani ya dari, zimefungwa kwa kamba, zimeelekea Ochsenkopf.